Reli Ndogo ya Kwetu

Mdogo wa kiume wa mshonaji alioa akiwa na mvi. Mtaa mzima ulikuwa umeshamkatia tamaa, wengine wakisema yule kaoa redio zake mbovu. Basi habari ziliposambaa, watu walicheka kwanza, wakafurahi baadaye. Dada yake huyo ndiye aliyemshonea suti. Alimpima kwa utepe uleule aliokuwa akimpimia sare za shule, akamwambia, "Simama wima, bwana mdogo. Unaoa, hukamatwi." Siku ya harusi alicheza mpaka ukanda wa kiatu ukakatika. Jioni bwana harusi akaondoka na mkewe kwenda mji mwingine, kwenye nyumba ya mke iliyojaa wajukuu wa mke, na mshonaji akarudi peke yake kwenye vyumba viwili walivyokaa pamoja tangu mama yao alipofariki.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni kimya. Mdogo wake alikuwa fundi redio, na kwa miaka yote ile nyumba yao haikuwahi kunyamaza. Redio ilikuwa ikifufuka katikati ya taarifa ya habari na kukata roho kabla waziri hajamaliza kuahidi. Nyingine ikidaka nusu ya wimbo, ikakohoa, ikazimika. Mshonaji alikuwa akilalamika kwamba hajawahi kujua habari yoyote inaishaje. Sasa alisikia cherehani yake tu, na alipoinua mguu kwenye pedali, hakusikia kitu.

Chumba cha pili, kilichokuwa cha mdogo wake, kilibaki na meza. Ilikuwa meza kubwa kuliko kitanda, na juu yake kulikuwa na nchi nzima. Wawili hao walikuwa wameijenga kidogo kidogo, jioni baada ya kazi: milima ya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, mto wa plasta uliopakwa rangi na kung'arishwa kwa vanishi, mashamba ya vumbi la mbao lililotiwa kijani, miti ya vijiti na sponji iliyochambuliwa kutoka kwenye makochi ya watu. Ilikuwa mfano wa kijiji walikozaliwa, ambacho sasa hakipo. Bwawa lilijengwa, maji yakakimeza. Waliiita meza ile Kwetu. "Leo nimepanda miti Kwetu," mmoja akisema, mwingine anajua.

Kilichokosekana Kwetu ni reli. Bonde la katikati lilikuwa tupu, likiisubiri. Kabla hajaingiwa na mambo ya kuoa, mdogo wake alinunua kwa wauza mitumba boksi lenye treni ya kuchezea: kichwa kimoja, mabehewa matatu, vipande vya reli vya kuchomekana, na kisanduku cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha. Aliliacha chini ya meza.

"Mwisho wa mwezi nitakuja tuipange pamoja," alisema siku anaondoka. "Usiiguse, dada. Umeme si uzi."

Mwisho wa mwezi ulifika ukapita. Mjukuu mmoja wa mke aliugua surua, mwezi uliofuata paa lilivuja, uliofuata fundi redio hakutaja sababu, na dada yake hakuuliza. Alipiga moyo konde. Jumapili moja, wateja wote wakiwa wameshachukua nguo zao, alilitoa boksi uvunguni, akalipangusa.

Hakujua lolote kuhusu treni, lakini alijua kupanga kitu juu ya kitu kingine kisichotaka kubadilika. Hiyo ndiyo kazi ya ushonaji. Mwili umeshakuwa vile ulivyo. Nguo ndiyo yenye kutafuta njia. Basi alifanya kama anavyofanya na gauni: alichukua karatasi ya kukatia ruwaza, akaweka juu yake kila kipande cha reli, akachora pembeni mwake kwa chaki, akakata. Akapata reli za karatasi, nyoofu na za kupinda, akaanza kuzipanga bondeni na kuzishika kwa pini.

Kwanza alijaribu duara, kama picha ya juu ya boksi ilivyoonyesha. Duara halikuenea. Upande mmoja lilipanda mguu wa mlima, upande wa pili likaingia mtoni. Alilisogeza huku na kule kama mtu anayemvisha mwanawe shati la mwaka jana. Hata pale lilipokaribia kuenea, hakulipenda. Treni ya kuzunguka ile ingekuwa kama mbwa anayefukuza mkia wake, na treni ya Kwetu haikuwa hivyo. Ilikuwa inakuja, halafu inaondoka.

Akaliacha duara. Akaamua njia moja tu, fupi: itoke nyuma ya mlima wa kushoto, ivuke mto, ipite kijijini, isimame stesheni. Kisha irudi kinyumenyume. Nyuma ya mlima reli ingekatika, lakini anayetazama angedhani inaendelea mbali. Alijifunza mengine kwa kukosea. Alikunja vitambaa akaviweka chini ya reli ili ipande kuelekea darajani, akagundua kwamba ikipanda haraka kuliko unene wa vidole viwili kwa kila mita, kichwa kinanguruma na kuteleza palepale. Aligundua pia kwamba behewa likipita kwenye kona hutanua makalio. Nyumba zilizo karibu sana hugongwa. Akacheka peke yake. "Kumbe hata wewe unataka nafasi ya kiunoni," akaliambia behewa. Sauti yake ilimshtua.

Kazi ikaenda mpaka ikafika nyumbani kwao, nyumba ndogo ya maboksi yenye bati la kopo, na hapo ikakwama. Hakuwa na uhakika reli ilipita wapi.

Yeye alikumbuka ikipita mbele. Mama yao alikuwa akifanya kazi ya kufua nguo katika mji wa jirani na kurudi Jumamosi kwa treni, na mshonaji alijiona wazi, amekaa kizingitini, macho kwenye reli, akingoja mkono wa mama dirishani. Lakini mdogo wake, walipokuwa wakijenga nyumba ile ya maboksi, alitaja mara moja kwamba reli ilikuwa nyuma, upande wa jiko. Siku ile hawakubishana. Kulikuwa na muda mwingi mbele yao. Sasa alisimama na reli ya karatasi mkononi. Kijiji kiko chini ya maji. Mama hayupo. Dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza.

Akampigia simu. Upande wa pili kulikuwa kama sokoni: watoto wanalia, mtu anacheka, televisheni inasema.

"Dada! Za siku nyingi! Hebu ngoja... we, shuka hapo! Naam, dada."

"Nina swali dogo tu. Kule kwetu, reli ilipita mbele ya nyumba au nyuma?"

"Nini?"

"Reli. Mbele au nyuma?"

"Aa, unaendelea na ile meza?" Akacheka, wala si kwa ubaya. "Dada, pitisha unapotaka. Nani atajua?"

Mtoto akalia tena, simu ikapokelewa na wifi yake, wakasalimiana, wakaulizana afya, wakaagana. Mshonaji akaiweka simu kitini. Alikaa na lile neno, nani atajua, kama mtu aliyemeza kokwa. Hakulia, alijikaza kisabuni, akaenda kumalizia pindo la sketi ya mwalimu mmoja, akalifumua, akalishona tena, kwa sababu lilikuwa limekwenda upande.

Siku mbili tatu hakuingia chumba kile. Alipoingia, aliipitisha reli mbele, kama alivyokumbuka yeye. Akaondoa karatasi, akachomeka reli zenyewe, akaunganisha nyaya mbili kwenye kisanduku huku akichungulia mlangoni kama anayeiba. Akazungusha kitufe. Treni ikatoka nyuma ya mlima, ikavuka daraja, ikapita mbele ya nyumba bila kugonga kitu, ikafika stesheni ikasimama. Ilikuwa kazi safi. Akageuka ili amwambie mtu, akakutana na ukuta.

Fundi redio alikuja siku ya mapumziko, na mkewe, mwanamke mnene mcheshi aliyebeba kikapu cha mayai. Walipokwisha kunywa chai, mwenyeji akawapeleka chumba cha pili, akaiendesha treni. Wifi yake akapiga vigelegele. Mdogo wake aliinama, mikono magotini, akaifuata kwa macho mpaka mwisho.

"Umeipitisha mbele," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa nyuma, dada."

"Ulisema nipitishe ninapotaka."

"Nilisema, lakini ilikuwa nyuma! Nilikuwa nakaa juu ya ukuta wa jiko. Mama akipunga mkono, namwona mimi wa kwanza, wewe hata bado. Nikikimbia kukuambia mimi ndiye wa kwanza, unasema nakudanganya."

"Ulikuwa unakaa huko kwa sababu unaogopa honi. Mimi nilikuwa kizingitini, na nilikuwa namwona kwa macho yangu haya."

"Na mimi kwa yangu haya!"

Walibishana kama watoto, vidole vikigongana juu ya paa la kopo, mpaka wifi akasema, "Sasa jamani, mnaonaje kama nyote mlimwona? Kwetu sisi barabara inakuja mbele, inazunguka, inatokea kwenye choo."

Fundi redio alichukua kipande cha reli cha kupinda, akakiweka taratibu nyuma ya jiko, akakizungusha kona ya nyumba mpaka kikaja mbele. Treni ilikuwa ikiizunguka nyumba yao. Nyumba ilikuwa ndani ya kona.

"Ndiyo maana nilikuwa nikifika kukuambia, na wewe umeshamwona," akasema polepole.

Mshonaji akacheka mpaka akashika meza. Kwa saa nzima walikaa pale wakikumbuka: mbuzi wa mkuu wa stesheni aliyekula bendera, shimo la majivu, mama akishuka na kipande cha sabuni kwenye kitambaa. Wifi aliwatazama, akatabasamu, akatoka kwenda kuosha vikombe ili awaachie.

Hapo ndipo mdogo wake aliposema, bila kumtazama usoni, "Dada, nilikuwa nafikiria. Kule kwangu kuna watoto. Wangeifurahia sana hii. Hapa iko tu. Naweza kuja na gari la mizigo, tukaikata vipande viwili, tukaibeba."

Mshonaji aliutazama mto, akakumbuka jioni walipoupaka vanishi wakapata kizunguzungu. Mdogo wake alikuwa na haki nusu, labda zaidi ya nusu. Milima ile ilikuwa ya mikono yake. Na ni kweli, kule kulikuwa na watoto.

"Hapana," akasema.

"Dada..."

"Nilikufungia mabegi mwenyewe, bwana mdogo. Redio zako, nguo zako, mpaka mto wako wa kulalia. Sikubakisha kitu. Hiki hakitoki."

"Sikuwa na maana mbaya."

"Najua hukuwa nayo. Hakitoki. Watoto na waje, mlango huu si wa benki. Lakini meza haitoki."

Fundi redio akaitikia kwa kichwa. Aliushika ukingo wa meza, akauachia. Mkewe aliporudi aliona mambo yamebadilika, akatupa mzaha mmoja kuhusu mayai, hakuna aliyeudaka. Mshonaji aliwasindikiza mpaka kituoni. Waliagana kwa adabu, kama watu waliokutana safarini.

Baada ya hapo mdogo wake alipiga simu mara chache. Hawakugombana, kila mara aliuliza afya, akaulizwa afya. Watoto walikuja siku moja na bibi yao, wakaendesha treni mpaka ikapata joto, mmoja akavunja daraja, akaomba radhi kwa machozi, akapewa pipi. Wakasema watarudi likizo. Likizo ikafika wakaenda kwa upande wa baba yao. Mshonaji hakuwalaumu. Mtoto ana miguu, na miguu ina pa kwenda.

Yeye aliipanga upya reli, izunguke nyumba. Ilimchukua muda kuliko alivyodhani, maana kona ya vipande vya boksi ilikuwa pana, na nyumba ilibidi isogee kuelekea mtoni, na jiko nalo, na ukuta wa jiko. Alikata ruwaza, akakosea, akakata tena. Jioni nyingine alifanya kazi mpaka chakula kikapoa, na hizo ndizo zilizokuwa jioni nzuri. Nyingine alikaa tu kwenye kiti cha mdogo wake, mkono kwenye kitufe, bila kukizungusha. Alijaribu pia kutengeneza watu, kwa waya na mabaki ya vitenge, lakini walitoka wakubwa, hawaenei milangoni, wanafika paa la stesheni. Akawaweka kwenye mkebe wa vifungo.

Siku moja yule mwalimu wa sketi alikuja kuchukua gauni, akasikia mngurumo, akachungulia chumba cha pili. Alisimama pale muda mrefu.

"Fundi, hii umetengeneza mwenyewe?"

"Na mdogo wangu. Reli ni yangu."

"Nzuri jamani! Ila mbona hakuna watu?"

Mshonaji alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini cha mkononi.

"Wapo," akasema. "Wameingia ndani. Hebu geuka nikuangalie bega. Naona la kushoto linavuta."