Simu ya Muzee Iliyolala Kazini

Baba yangu alistaafu akiwa mkuu wa biro, yaani idara, katika ofisi ya serikali, na biro ikamfuata mpaka nyumbani kwetu Majengo. Sebuleni alikuwa na kiti chake na meza yake, na sisi watoto wake, watu wazima wenye ndevu, tulibisha hodi kabla ya kumsogelea ingawa sebule ile haina mlango. Mtu akimletea shauri la nyumbani, tuseme bati linalovuja, muzee alisema ataliangalia. Bati likaendelea kuvuja, lakini sasa lilikuwa linavuja kwa utaratibu.

Kisha daktari akampima na kukuta tansiyo, yaani shinikizo la damu, imepanda. Alimwambia anywe kidonge asubuhi na jioni, saa ileile kila siku, bila kuruka hata kimoja. Mama akasema hilo ni jambo dogo, yeye atamkumbusha.

Kesho yake asubuhi alimletea kidonge na kikombe cha maji.

"Papa, kunywa dawa."

"Nani ametoa hiyo oda?"

"Daktari."

"Daktari ameitoa kwangu. Sasa ni wewe unaipitisha tena kwangu? Mimi niko mutoto wa shule ya internati?"

Alikinywa mchana, alipoona Mama amesahau. Jioni ikawa hivyohivyo. Baada ya juma moja Mama aliniita uani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wake atakufa kwa ajili ya protokoli, na kwamba mimi niliyesomeshwa mambo ya mashine nitafute la kufanya.

Mimi natengeneza programu za simu. Nina kibanda sokoni Birere, katikati ya wauza vitenge na wauza chaja, na kwa kuwa mlangoni niliandika neno “enjenieri”, watu wananiletea hata pasi zilizoungua. Nilimwambia Mama asihofu. Programu ya kumkumbusha mtu dawa ni kazi ya alasiri moja. Nilisema hivyo mbele ya ndugu zangu, na nilisema kwa Kifaransa.

Muzee alikubali kwa masharti. Hakutaka simu ilie kama kengele ya muuza barafu. Alitaka imwamkie kwanza, kisha imjulishe. Basi dada yangu akarekodi sauti yake: "Muzee, jambo. Saa ya dawa imefika. Aksanti." Muzee alisikiliza akasema neno aksanti linakuja mapema mno, kwa sababu dawa bado haijanywewa. Tukaliondoa.

Kibandani niliijaribu programu mara nyingi, simu ya muzee ikiwa juu ya meza kando ya kompyuta, na haikukosea hata mara moja. Jumapili baada ya misa nikaionyesha nyumbani. Niliishika simu mkononi, wote wakakodoa macho kwenye kioo, na dakika ilipofika sauti ya dada ikatoka, safi kabisa. Ndugu zangu wakapiga makofi. Mama akasema, "Mungu ni mwema." Nilipokea sifa zangu na za Mungu pamoja.

Jumatatu asubuhi muzee aliiweka simu juu ya kabati, akavaa koti, akaketi. Mbele yake kulikuwa na kidonge kwenye kisahani na kikombe cha maji. Saa ya dawa ikafika, ikapita. Mama alipita na ndoo, akapita tena na ufagio.

"Papa, kunywa basi."

"Simu haijasema."

"Lakini saa unaiona."

"Mimi kuiona si kitu. Nangoja kujulishwa."

Jua lilipopanda, uvumilivu ukamwisha. Alinyanyuka, akachukua simu ili anipigie anilaumu. Alipoigusa tu, ikasema: "Muzee, jambo. Saa ya dawa imefika."

Nilikuwa Birere aliponipigia. Hakusalimia.

"Hii simu inalalaka ku kazi," alisema. "Na nikiishika inajifanya ilikuwa macho."

Nilikwenda kuichukua. Kibandani ikafanya kazi vizuri kabisa. Nikairudisha, na nyumbani ikanyamaza. Niliichukua tena, nikabadilisha hiki na kile, nikaijaribu, ikaitika kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Nikairudisha, ikanyamaza tena. Nilianza kumshuku muzee kwamba anaizima makusudi. Yeye alianza kushuku diploma yangu.

Jioni moja akaniketisha mbele ya meza yake. Katika ofisi zetu, mtumishi akikosea kazini anapewa demande d'explication, yaani anatakiwa ajieleze kabla ya adhabu. Muzee aliweka simu katikati ya meza, akaniambia kwamba kwa kuwa mtuhumiwa hawezi kuongea, mimi nitajibu kwa niaba yake.

"Juu ya sababu gani inafanya kazi kwako na haifanyi kwangu?"

Nilisogeza kiti karibu na meza nianze maelezo. Ndipo nikaitazama ile simu. Ilikuwa imelala juu ya kitambaa cha meza, kioo cheusi, bila waya. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kama kawaida yetu. Na kibandani kwangu simu hiyohiyo ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta kwa waya, inakula umeme wa betri za jua saa zote.

Nilicheka peke yangu. Muzee hakucheka.

Nikamweleza. Simu za siku hizi zinaogopa kumaliza betri. Ikiwa haina waya, kioo kimezimika, na hakuna anayeigusa wala kuisogeza, inaingia usingizi mzito. Ikiwa humo haijali saa za programu ndogondogo kama yangu. Inazikusanya, na kuzishughulikia zote kwa pamoja pale inapojiamulia kuamka kidogo, au pale mtu anapoiokota.

Muzee alivua miwani.

"Yaani mafaili yanarundikana, halafu shefu wa biro akiingia yote yanapigwa muhuri mara moja?"

"Ndiyo, Papa."

"Watu ya vile nimeongoza maisha yangu yote," alisema, na kwa mara ya kwanza aliitazama ile simu kwa upole.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ya ukali. Niliandika programu iinyime simu usingizi kabisa. Asubuhi iliita sawasawa, nyumba nzima ikashangilia. Jioni haikuita, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa kabla ya jua kuzama, na umeme haukuwepo. Mama akasema mtu asiyelala siku zote ndiye wa kwanza kuzikwa.

Kisha, nikiwa bado natafuta, Mama akatumia maneno yangu mwenyewe. Nilisema simu haizami usingizini ikisogezwasogezwa? Basi aliifunga kwenye pindo la kitenge kiunoni, akaendelea na kazi zake. Alifua nayo, akachota maji nayo, akatwanga majani ya sombe nayo. Saa ya dawa ilipofika, kiuno cha Mama kikasema kwa sauti ya dada: "Muzee, jambo." Mama akaingia sebuleni, akasimama mbele ya mume wake bila kusema neno, mikono nyuma. Muzee akasikiliza ujumbe mpaka mwisho, akanywa kidonge. Hakuwa amekumbushwa na mke wake. Alikuwa amejulishwa na chombo kinachohusika.

Mpango ule ulidumu siku kadhaa, lakini Mama alichoka. Hakuweza kukaa chini hata kumenya viazi, kwa hofu kwamba akitulia, kiuno nacho kitalala.

Mwishowe nikapata njia. Ndani ya simu kuna aina ya saa inayoheshimiwa kuliko nyingine, ile inayowaamsha watu kitandani, ambayo hata usingizi mzito hauthubutu kuizuia. Niliiandika upya programu itumie saa hiyo. Lakini simu haiitoi hivihivi. Mwenye simu lazima aingie kwenye mipangilio aipe programu ruhusa, kisha, mahali pengine palipofichwa zaidi, aiondoe katika orodha ya zile zinazobanwa kwa ajili ya betri.

Nilipomwambia muzee kwamba hakuna kitakachotendeka bila idhini yake, uso wake uling'aa. Alivaa koti, akamwita Mama na dada yangu wawe mashahidi. Alisoma kila neno la kioo kile, hata tangazo la sabuni lililojitokeza katikati, kisha akabonyeza Autoriser, yaani Ruhusu, kwa kidole kilichonyooka.

Kesho yake simu ilikaa juu ya kabati, giza totoro, bila waya, bila kuguswa. Saa ikafika. Ikaongea.

Mwisho wa mwezi tukarudi kwa daktari. Tansiyo ya muzee ilikuwa imeshuka. Muzee akamhutubia daktari juu ya umuhimu wa usimamizi wa karibu, na daktari, labda ili apumzike kidogo, akamfunga Mama mkononi kile kitambaa cha kupimia tansiyo. Akapima mara mbili. Ya Mama ilikuwa juu kuliko ya muzee alipoanza.

Tulirudi nyumbani na vidonge vya watu wawili. Mama naye akataka programu, kwenye simu yake ndogo ya kampuni nyingine, ambayo mahali pake pa kuficha ruhusa palinigharimu siku mbili kupapata. Akarekodi sauti yake mwenyewe: "Mama, pole na kazi. Dawa."

Sasa jioni simu mbili zinaita pamoja, moja juu ya kabati, moja jikoni. Mama anakuja na maji, wanaketi meza moja, na zote mbili zinaendelea kuongea.

"Zima yako," anasema Mama.

"Yangu inasema kwa utaratibu. Zima yako kwanza."

Majirani wanasubiri mmoja wao azime.