Chemchemi ya Mawe Matatu

Fakihi wa Kinjumbi alikuwa kirongozi wa misafara, na ulimi wake ulikwenda mbio kuliko miguu. Alikuwa ameivuka Ruvuma mara saba. Nchi ya Mreno ng'ambo aliijua sawa na hii yetu aliyojitwalia Mdachi.

Mwaka mmoja kabla ya vita alimwongoza Mdachi aliyekuwa akiandika kitabu cha wasafiri. Kila walipopiga kambi, yule bwana aliuliza: nchi ipi nzuri, hii au ile? Mwenye akili angejibu, "Zote za Mungu, bwana," akala ugali wake. Lakini asifuye mvua imemnyea, na Fakihi alinyewa na mvua za vilima vya kwao tangu utotoni.

"Kwa Mreno ni mchanga na majabali makavu, bwana. Kwetu Umatumbini vilima ni kijani kibichi. Kuna pango nyuma ya mawe matatu, lina chemchemi haikauki hata kiangazi."

Akampeleka, akaliona. Mdachi alichora, Fakihi akamshikia wino. Hakuna aliyemlazimisha, jamani, sifa tu.

Vita vya Maji Maji vilipowaka, mama yake na wanawake wa kijiji walijificha na mtama wao katika pango hilohilo. Fakihi alikamatwa na askari wa Mdachi, akatwishwa sanduku la risasi. Siku ya tatu ofisa alikunjua njiani karatasi ya kitabu cha yule msafiri, na Fakihi akayaona yale mawe matatu yamechorwa.

"Huko maji yalishakauka, bwana mkubwa," alisema. "Tupite pwani."

Ofisa akasoma karatasi. Mkalimani akafasiri huku akicheka: "Imeandikwa hapa, Fakihi wa Kinjumbi asema hayakauki hata kiangazi."

Askari walikoka moto mlangoni mwa pango. Wachache walitoka wakikohoa, wakafungwa kamba. Mama yake hakutoka. Mdomo huponza kichwa, husema watu. Wa Fakihi uliponza kichwa cha mamaye. Mtama nao uliteketea, na njaa iliyofuata ikawamaliza waliosalia.

Miaka michache baadaye msafiri mwingine alishuka Kilwa, akamtafuta Fakihi, akauliza swali lilelile: nchi ipi nzuri?

Fakihi alitazama chini.

"Nenda kwa Mreno, bwana. Kwetu hakuna maji, hakuna mtama, hakuna watu."

Msafiri akaandika. Siku ile njiani Fakihi alihitaji uongo huo uaminiwe. Sasa uliaminiwa, na ulikuwa kweli, maana hakukuwa tena na wa kuyateka maji.