Udi Usiotoa Moshi

Mimi niliishia darasa la nne, lakini ulizia Bellevue nzima, huku Marekani, fundi makabati ni nani. Sishangai ovyo. Juzi nilimpelekea kabati mama mmoja wa Kijapani, nikakuta ameweka kibanzi cha udi, chembamba kama ukucha, juu ya majivu ya moto. Moshi hakuna, ila chumba kizima kilinukia. Miguu ikagoma kutoka.

Harufu ilikuwa ya nyumbani Tanga, alasiri ile alipoolewa dada yangu. Mama alifunika makaa ya chetezo cha kufukizia kwa majivu, akaweka udi kiasi cha punje ya mchele, akatandaza nguo za bibi harusi juu ya tenga alilofunikia chetezo. Nikadhani ni uchoyo, maana mkebe wa udi ulijaa. Alipotoka kidogo, nikapangua majivu, nikamwaga udi wote, nikapuliza. Moshi ulipanda mpaka darini, nikajiona bingwa. Kisha ikaja harufu ya kuungua.

Dada alinusa gauni lake, akakaa kitandani taratibu. "Mume wangu atadhani nimetoka kukaanga samaki."

Nilingoja kofi. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha mwisho.

"Udi hauunguzwi, baba," aliniambia. "Unapashwa tu."

Akarudisha majivu, akakiweka juu, akatandaza gauni upya. Tukakaa watatu, macho kwenye chetezo. Mimi nilikuwa nikisubiri moshi. Ikaja harufu.