Plasta ya Mama Mdogo Theresia

Mama mdogo Theresia hakuogopa kitu chochote pale Mgeta isipokuwa gari. Akipanda lori tu, tumbo linamgeuka. Kona ya tatu haijafika, ananing'inia ubavuni anatapika. Ndiyo maana karoti zake zilishuka Morogoro bila yeye. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, malori ya watu binafsi yanapanda mlimani kila wiki, na dalali mmoja aliyeitwa Mikidadi, ambaye hawakuwahi kuonana naye, ndiye aliyemuuzia. Fedha zilirudi kwa mkono wa dereva, kiduchu, na salamu zilezile: nusu ya mzigo umeozea njiani.

Karoti zilizong'olewa leo zioze leo? Mama mdogo alitaka kwenda kujionea mwenyewe. Kama ni kweli zinaoza, alisema, basi shamba la ukoo anaacha liote nyasi.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Ulaya, nafundisha chuoni Morogoro, na nilimletea plasta ndogo za duara za kuzuia kichefuchefu cha safari, za kubandika nyuma ya sikio. Nikamweleza kwamba dawa imo humohumo, inapenya kwenye ngozi kidogo kidogo hadi kwenye damu, kwa chembe ndogo mno hata hutasikia kitu. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa mama mdogo, dawa isipokuwa chungu basi ichome. Nilimbandika moja jioni; kesho yake asubuhi, ndani ya lori, kazi yake ikawa kuibonyeza na kuisugua kwa kidole ili iingie vizuri. Nilimkataza mpaka nikachoka. Vumbi lilipomwingia jichoni, akajifuta kwa kidole kilekile.

Lakini hakutapika. Kona zote tulizimaliza yeye akitafuna mahindi ya kuchoma na kumsema dereva. Nilivimba kichwa utadhani plasta nimeibuni mimi. Kufika sokoni namtazama: mboni ya jicho la kulia imetanuka, kubwa kuliko mwenzake, na anaona ukungu. Nikaingiwa na hofu kwamba dawa ya kidoleni imeingia jichoni, nikaibandua plasta, nikamnawisha mikono. Yeye hakujali hata kidogo. Kama imefika machoni, alisema, basi inafanya kazi.

Magunia yake yalishushwa, Mikidadi akazipanga karoti juu ya meza yake. Mama mdogo akajisogeza kama mnunuzi. Kwa kuwa haoni vizuri, aliokota karoti moja, akaigeuza, akainusa, akairudisha. Akaokota nyingine, akaivunja ncha, akaitafuna. Mikidadi akadhani amepata mteja mchaguzi.

"Mama, chukua bila wasiwasi," alimwambia. "Hizi za Theresia wa Mgeta. Miaka yote nauza mimi, haijawahi kuoza hata moja."

Nilijua leo patachimbika. Ila mama mdogo aliirudisha mezani taratibu ile karoti aliyoivunja, na moyo uliniuma. Misimu yote ile alikuwa akiilaumu mikono yake mwenyewe, kwamba labda anavuna vibaya.

"Theresia ni mimi," alisema mwishowe. "Toka hapo. Leo nauza mwenyewe."

Mikidadi akalitazama lile jicho, akanitazama mimi, akakosa pa kutazama. Akasogea pembeni, kichwa chini.

"Shikamoo, mama."

Mama mdogo Theresia, ambaye huitikia hata shikamoo ya mtoto aliyekamatwa akimwibia mapera, alimgeukia mteja aliyekuwa akisubiri na kumuuliza anataka karoti kiasi gani.