Maji Safi ya Anaeli

Yuditha wa Marangu alikuwa mtu wa kushuku tangu usichana wake. Ukimsalimia kwa bashasha, anajiuliza umekuja kuomba nini. Ukimpita kimya, basi una lako jambo! Mumewe alipofariki alimwachia kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ng'ombe mmoja, na haki ya mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka kutoka mlimani. Ulipita kwanza kwa jirani yake Anaeli, ndipo ukafika kwake.

Kila msimu wa kahawa mfongo huo ulimtoa roho. Anaeli akimenya kahawa yake, maganda na utelezi wote vinashuka, na maji yanafika kwa Yuditha mekundu, yananuka uchachu. Mwaka 1976 ndama wake aliyanywa, akafa. Yuditha alipanda hadi mpakani mwa shamba lake na la Anaeli, akamtukana Anaeli mbele ya watu mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka uliofuata, Septemba, maji yakashuka safi kabisa.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yuditha je? Alichota kikombe, akanusa, akaonja, akatema.

"Mae! Huyu hamenyi kahawa mwaka huu. Sasa anaipeleka wapi?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Siku zile kila mtu alinong'ona juu ya magendo, kahawa ikivushwa kwenda Kenya. Tena alishamwona kwa macho yake Anaeli akirudi kutoka Himo, karibu na Kenya, na pipa lililofunikwa gunia. Alimsikia akigonga mabati nyuma ya nyumba, na mtu akikaribia, kimya! Mtu mwema anaficha nini? Wiki tatu Yuditha alilala na jambo hilo na kuamka nalo, kisha akaenda kwa Filemon, balozi wa nyumba kumi.

"Sisemi ni mhalifu," alisema. "Nasema uende ukaangalie."

Magendo yalikuwa kifungo, hilo alilijua vizuri. Jumatatu asubuhi Filemon alipanda na mgambo wawili. Yuditha akawafuata nyuma, ati anatafuta majani ya ng'ombe.

Nyuma ya nyumba, vichanja vilijaa kahawa iliyoanikwa. Chini ya mashine ya kumenyea lilikaa lile pipa, limejazwa kokoto na mchanga. Maji machafu yaliingia juu, yakatoka chini yamechujwa, na Anaeli akayachota kwa ndoo kuyarudisha mashineni. Maganda yalikuwa shimoni, yanaoza yawe mbolea ya migomba. Hakuna tone lililokwenda mfongoni.

Mgambo walicheka, wakaomba radhi. Yuditha alitamani ardhi ipasuke immeze. Anaeli alipomwona, uso ulimchangamka.

"Shikamoo mama! Hatimaye umekuja! Hili nimelitengeneza kwa sababu ya yule ndama wako. Niliharibu mapipa matatu kabla hili halijakubali. Nikasema simwambii mtu, nangoja mama mwenyewe aje aniambie maji yakoje. Mbona umechelewa hivyo?"

"Marahaba," Yuditha alijibu.

Filemon akageuka kutazama migomba. Asingemtaja kuwa ndiye aliyepeleka habari, na Yuditha alijua hivyo. Angeweza kuokota majani yake akaenda zake.

"Maji ni safi, mwanangu," akasema. "Niliyaonja siku ya kwanza kabisa, nikajua ni safi. Ndiyo maana nikakuitia mgambo."