Prosesa Kali ya Baba

Nakumbuka siku moja ya mgao wa umeme, Temeke, na hadi leo ikinijia naacha nilichokuwa nakifanya. Umeniuliza, mwanangu, laptop ya kumnunulia mama yako mkubwa iwe na prosesa gani. Kaa basi, na hiyo simu iweke chini, maana jibu langu si fupi.

Baba yangu alikuwa karani mpiga chapa. Alipostaafu akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, ulimi nao ukawa mzito, neno halitoki. Kuandika kwa mkono wa kushoto ilikuwa mikwaruzo mitupu, na mashine ya chapa ilimshinda kwa ugumu wa vitufe. Kaka yangu Hamidu, ambaye enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, alikuwa anakwenda Dubai kuleta bidhaa, akasema atamletea laptop, vitufe vyake laini. Tulifurahi mno. Baba angeongea tena na mama.

Dukani alizikuta mbili, ndivyo alivyotusimulia mwenyewe kwa majivuno. Moja prosesa yake ya polepole, lakini betri inakaa. Nyingine prosesa yake kali kuliko zote, na muuzaji akamwonya kwamba inakula betri. Hamidu akachukua kali. Baba yake apewe kitu cha polepole, watu wa mtaani waseme nini? Na kweli walikuja kuishangaa, jirani mmoja baada ya mwingine, naye akiwaeleza kasi yake kama anayeuza gari.

Kasi ya nini, jamani? Baba alikuwa anadonoa herufi kwa mkono mmoja: "Chai haina sukari." "Leo umependeza." Mama alipoisoma hiyo ya pili alijifunika kanga usoni, mwanamke mtu mzima. Ila umeme ulikuwa wa mgao, siku nyingine unakatika asubuhi hadi jioni, na ile mashine ikitumia betri inachemka mapajani, feni inalia, mara kioo kinazima sentensi ikiwa nusu. Nikataka kumwambia Hamidu aibadilishe. Baba akaniandikia nisithubutu, kaka yangu katoka nayo mbali, atavunjika moyo. Ndivyo tulivyolelewa sie: ukiletewa zawadi ya safari unashukuru, basi.

Siku hiyo ninayoikumbuka, umeme haukuwepo. Mama alikuwa amevuka Kigamboni kuhani msiba. Baba, anahema kwa tabu, akaniashiria nimwekee laptop. Nikamshikia. Akaandika, "Mwambieni mama yenu," kioo kikazima. Hakuacha kubonyeza, mwanangu. Alikitazama kile kioo cheusi na kidole kinaendelea, herufi baada ya herufi, mpaka akamaliza alilotaka kusema, kisha akanitazama kama anayeuliza nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa hata neno. Alasiri akakata roho, mama hajarudi.

Matangani Hamidu alilia akisema alimnunulia baba yenye nguvu kuliko zote. Shangazi yetu, dada yake baba, akamtazama, na mie akanitazama, akasema taratibu, "Mlinunua ya kuwaonyesha watu. Kaka yangu alitaka ya kuongea na mkewe." Hamidu ni marehemu sasa, Mungu amrehemu, na alimpenda baba kuliko nafsi yake, hilo nalishuhudia.

Kwa hiyo usianze na prosesa. Nenda kwa mama yako mkubwa, mpe shikamoo yake, shinda naye kutwa nzima. Muulize anataka kuifanyia nini, ataitumia amekaa wapi, umeme wa kwake ukoje. Kama ni kuandika, kusoma habari na kuwaona wajukuu walioko mbali, prosesa ya wastani isiyochemka wala kumaliza betri inamtosha, na usione haya kuinunua. Waache wa mtaani waseme. Na ukishampa, mwambie wazi kwamba ikimsumbua aseme, hutanuna, maana wazee wako watanyamaza ili wasikuumize.

Mama alituuliza mpaka uzeeni, "Alisema mniambie nini?" Mungu akuepushe na swali hilo, mwanangu. Akujalie kuwasikia wako wakiwa bado wanasema, mpaka neno lao la mwisho. Amin.