Kiatu cha Kushoto Hubaki Bwenini

Saa nane mchana, siku ya kufungua shule, mlezi wa bweni la wasichana amesimama mbele ya rafu ya mbao, mkononi kitambaa chenye dawa ya viatu. Asubuhi rafu ilikuwa na viatu themanini na vinne, vyote vya kushoto. Sasa vimebaki viwili.

Wasichana wanamwita Sista Viatu, naye anaitika. Ni mtawa wa miaka sitini na mitatu. Kila shule inapofungwa, humtaka kila msichana aache kiatu kimoja bwenini.

“Mtakatifu aliyeanzisha shirika letu,” anasema akionyesha picha ukutani, “alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi mabinti zao waje kusoma. Mimi magoti hayataki tena. Kazi hiyo nimewaachia viatu.”

Ujanja huo hakuusoma kitabuni. Akiwa darasa la sita, baba yake alimwachisha shule. Mama akagundua kiatu kimoja kimesahaulika bwenini, akamtuma akifuate.

“Mwalimu akaniambia, keti kwanza, kiatu hakina haraka. Nikaketi miaka minane!”

Leo hacheki sana. Kati ya viatu viwili vilivyobaki, kimoja ni cha msichana wa kidato cha pili, kinara wa hesabu, ambaye baba yake alishasema kusoma barua anajua, yatosha. Sista amekipaka dawa mara tatu tangu asubuhi.

Saa tisa kasoro, mlango unagongwa. Baba mtu huyo, begi begani, uso ameukunja. Nyuma yake binti, kandambili miguuni, kiatu cha kulia mkononi.

“Sista, umeniweza,” anasema baba. “Nilitaka viatu nimpe mpwa wangu, nikakuta kimoja! Nani atavaa kimoja? Na huyu kila siku anakifuta, anakiweka mlangoni. Kila nikitoka najikwaa. Nimechoka!”

“Pole, baba. Karibu maji.”

Binti anavaa vyote viwili, anafunga kamba, anakimbilia darasani bila kuaga. Sista anaketi kitandani na kushusha pumzi.

“Afadhali,” anasema. “Afadhali jamani.”

Kimebaki kimoja. Kina miaka tisa pale. Mwenyewe aliozwa, hakurudi. Sista anakichukua na kukipaka dawa kama vingine.

“Najua hakimtoshi tena,” anasema. “Lakini siku akija kumwandikisha binti yake, nataka akikute kinang'aa.”